Namba Nane, Namba Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimefungwa mashine. Fremu kutoka pajani hadi kifundoni, mota gotini, betri kiunoni kama kibunda. Miezi mitano tangu nianguke kwenye jukwaa la ujenzi nikipiga ukuta plasta, na leo nimezunguka ukumbi wa mazoezi mara sita bila gongo. Dada alilia. Mimi sikulia — nilikuwa nahesabu mizunguko.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa mazoezi kanibandika vibandiko vyenye nyaya pajani. Vinasikiliza msuli: ukifanya kazi, mstari kwenye skrini unaruka, ukizembea, unanyooka. Nguvu ya mota kaweka namba nane. Nikatembea kwa maringo, kama bibi harusi. Nikatupa jicho kwenye skrini. Mstari umelala chali!
Nikamuuliza, sasa anayetembea hapa ni nani? Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema mwili haujichoshi bure. Ukibebwa, unakubali kubebwa.
Paja langu mwenyewe. Limenigeuka.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeomba namba tatu. Daktari akasita: nitachechemea, nitaenda mita chache, na ripoti yangu ilikuwa inapendeza. Nikamwambia ripoti haipandi jukwaa. Akaweka tatu.
Mizunguko miwili tu. Jasho mpaka kwenye nyusi. Lakini mstari uliruka — meno ya msumeno matupu. Sijawahi kufurahia maumivu hivi.
Nyumbani dada kafoka. Eti watu wanakililia kifaa kama hicho, mimi nakipunguza nguvu. Najitesa kwa kiburi. Nikamjibu ndiyo, ni kiburi. Ndicho nilichobaki nacho, na nusu paja.
Tukakunja nguo, yeye upande wake, mimi wangu.

Jumanne, 19 Machi
Namba mbili. Nimeanguka. Goti likapiga sakafu, ukumbi mzima ukageuka. Daktari akanyoosha mkono aongeze nguvu ya mota, nikamshika kiganja. Nikainuka mwenyewe. Ilichukua muda. Dada alikuwepo, kaona yote.

Alhamisi, 21 Machi
Leo mota imezimwa. Nimetaka mwenyewe. Ngazi za nje ya ukumbi, vidato tisa, ukuta upande mmoja.
Kidato cha kwanza, paja likasubiri kusukumwa. Nikasubiri nalo. Mota kimya. Mwishowe likasukuma lenyewe — kwa hasira, mguu ukaruka juu kupita kiasi, nusura nimpige daktari teke.
Sasa niko cha tano. Nimekaa, naandika nikivuta pumzi. Daktari yuko chini, keshasogeza kiti cha magurudumu. Anasema kwa leo inatosha, si aibu. Nimemwambia akikalie yeye.
Dada yuko juu kabisa. Ameficha mikono mgongoni asije akaninyooshea. "Taratibu, mdogo wangu," ananiambia.
Paja linatetemeka kama cherehani. Bado vinne. Naweka kalamu, niinuke.