Theluji ya Uani

Fukushima, Mei 2011

Dada yangu Chizuru,

Soksi ulizotuma zimemtosha binti yangu Honoka, na juzi ameota jino la pili. Bado tunalala kwenye ukumbi wa shule tulikohamishiwa, tumetenganishwa na majirani kwa maboksi. Mama mkwe anasema jirani anakoroma kama trekta. Hajawahi kujisikia mwenyewe akikoroma!

Dada, kuna neno sijamwambia mtu ila mama mkwe. Mtambo wa nyuklia ulipolipuka, mabomba yalikuwa makavu tangu tetemeko. Theluji ikaanguka. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, nami niliona haya kuomba nipite mbele kwa ajili ya mtoto, maana wazee nao walingoja zamu yao. Nikarudi nyumbani, nikachota theluji ya uani, nikaichemsha, nikamkorogea maziwa ya unga. Siku tatu. Hakuna aliyetuambia kwamba theluji ile ilibeba sumu ya mtambo, wala kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa.

Jumanne watampima Honoka tezi ya shingoni, maana ndiko sumu hiyo hujikusanya. Daktari akiuliza alikunywa nini, nitasema. Mama mkwe ananikanya, "Nyamaza we, wakijua alikunywa sumu, nani atakuja kumwoa?"

Dada, mimi nataka kwanza akue.

Mdogo wako akupendaye,
Mizuho