Choo cha Mama Anastazia

Kwako baba Furaha, mume wangu,

Tangu tulipokuzika, karakana iko wazi kila siku. Baada ya matanga ndugu yako alikuja kusema tuuze vyombo, kwamba mwanamke hawezi kuishi kwa nyaya na betri. Nilimpa chai, nikamwambia vyombo viko na mwenyewe. Akanywa, akaenda. Najua ungecheka.

Leo nakuandikia kwa ajili ya choo.

Juzi mchana lori lilisimama mbele ya mlango wetu, lori ambalo mgongoni limejengewa nyumba nzima: vitanda, jiko, meza, hata choo. Lilitoka Lubumbashi, linakwenda Kabambare. Akashuka mwanaume wa makamo, jina lake Deo.

"Fundi wa umeme iko wapi?"

"Ni mimi."

Akachungulia ndani ya karakana kama vile nimemficha mtu.

"Ni mimi, ndugu. Gari iko na nini?"

Gari lilikuwa zima. Kilichogoma ni choo. Choo chao kinatumia umeme: unabonyeza kitufe, mota ndogo inaleta maji na kusukuma uchafu mpaka kwenye tangi chini ya gari. Tangu jana yake kitufe hakijibu, na Deo alikuwa ameshaamua kugeuza gari.

Ndani nilimkuta mama yake, mama Anastazia, amekaa kitandani, mguu mmoja umenyooka mbele yake. Mguu huo haukunjiki tangu alipougua, kwa hiyo hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Kando yake kulikuwa na kikombe cha chai, kimejaa, kimepoa.

"Sijakunywa kitu toka asubuhi," aliniambia kwa sauti ya chini, mwanawe asisikie. "Nikikunywa, nitaenda wapi?"

Kisha akanishika mkono. "Dada yangu iko Kabambare. Ni yeye alinilea. Sasa macho yake haione tena, anataka anishike tu. Mutoto wangu anasema turudie Lubumbashi. Wewe unasema nini?"

"Ninasema unipe nafasi, mama."

Nilipopiga magoti sakafuni pale nilikukumbuka kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa na mimba ya Furaha, nimekuletea chakula tu. Watu wamejaa na mihogo yao, mashine haiwaki, wote wanakupigia kelele. Ukanitia mkononi taa yako ya kupimia, ile balbu ndogo yenye nyaya mbili. "Usibahatishe," ulisema. "Fuata umeme toka kwa betri, uone unaishia wapi." Ukarudi nyuma, ukaniacha na tumbo langu mbele ya watu wote wale. Mashine ilipowaka ulinipigia makofi wewe wa kwanza. Siku hiyo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu wa namna gani.

Basi nikafuata. Kwenye fuse balbu iliwaka. Kwenye kitufe iliwaka. Nikafungua kifuniko nyuma ya choo, nikamwomba Deo abonyeze, na kwenye waya unaoingia katika mota balbu iliwaka vizuri. Mota ikabaki kimya. Harufu ya mahali pale sitakuelezea.

"Mota imeungua," Deo alisema. "Hata Lubumbashi sitaipata. Tunarudia."

"Ngoja kwanza. Umeme unaingia. Tuone kama unapata njia ya kutoka."

Nikavuta waya mwingine toka upande hasi wa betri, nikaugusisha kwenye mota. Ikanguruma!

"Iko inalia!" mama Anastazia alipaza sauti toka kitandani. "Deo, unasikia? Iko inalia!"

Ubovu ulikuwa chini ya sakafu. Waya wa kurudishia umeme ulikuwa umeota kutu ya kijani, na mashimo ya barabara yakamalizia kuukata. Nilikata sehemu iliyooza, nikasugua shaba mpaka ikang'aa, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, kisha nikaukaza kwa mpira wa baiskeli usitikisike tena, maana barabara ya Kabambare unaijua. Deo akabonyeza. Maji yakaja kwa nguvu, yakashuka.

Mama Anastazia akaomba chai yake ipashwe moto. Akainywa yote, tukimtazama. Kisha akatuambia, kwa heshima kabisa, tutoke katika nyumba yake.

Leo asubuhi mtu wa pikipiki aliyetoka Kabambare ameniletea habari. Wamefika salama. Dada yake alimpapasa uso muda mrefu, na neno lake la kwanza lilikuwa kumgombeza kwa nini amekonda hivi. Mtu wa pikipiki anasema wote wawili walicheka mpaka majirani wakatoka nje.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikae niandike. Tangu ulipoondoka, sijawahi kukata waya bila kukuuliza kwanza moyoni: "Ni huu, baba Furaha?" Kila siku, kwa kila mteja. Jioni ile, nikinawa mikono, nikagundua kwamba kwa mama Anastazia sikukuuliza. Nilikukumbuka, ndiyo, lakini waya niliuchagua mwenyewe. Nilisimama pale na sabuni mkononi, nikalia kidogo, halafu njaa ikanishika, nikaenda kupika.

Wiki ijayo ninapanda Lusangi. Wauguzi wa kule wameniita niwawekee taa katika chumba cha kuzalishia. Nitakwenda peke yangu, wala siogopi. Wewe lala, mume wangu, kazi ninaiweza.

Mke wako,
mama Furaha