Maji Tuliyompambia Mgeni

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini mawingu yamegoma kuondoka, na joto ni lile la kukaa ndani ya chungu kilichofunikwa. Nguo hazikauki. Cherehani nimeifunika kwa khanga na leo siigusi.

Blogu hii alinifungulia binti yangu Salma ili niwe naweka picha za magauni ninayoshona. Leo hakuna gauni. Anayetaka gauni arudi wiki ijayo. Mimi nina jambo nimelificha, na nikilala nalo tena sijui nitaamkaje.

Nimedanganya kuhusu maji ya kijiji.

Ngoja nilieleze taratibu, maana hata mwenyewe nikiliwaza linanichanganya. Kijiji chetu kiko upande huu Ruvuma inakoingia baharini, Mtwara mjini tunakwenda kwa kudamka. Zamani tulikuwa tunachota kwenye vishimo karibu na mikoko, maji ya chumvichumvi, mtu anakunywa huku amekunja uso. Baadaye tukachimbiwa kisima kirefu, ikafungwa pampu ya sola, tangi kubwa jeusi likapandishwa juu ya mnara na mabomba yakasambazwa. Ikaundwa kamati ya maji. Mimi nikachaguliwa katibu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na sioni haya kumfokea mtu anayeacha bomba linamwagika.

Katibu ana kazi nyingi za makelele na moja ya kimyakimya. Ile ya kimyakimya ni kutia dawa. Kila tangi likijazwa, unapima klorini ya unga kwa kijiko, unaikoroga kwenye ndoo, inapandishwa juu na kumiminwa. Haichukui hata muda wa kuivisha chai.

Kazi hiyo niliiacha mwanzoni mwa mfungo wa Ramadhani.

Hakuna aliyeniamuru. Watu walianza kunung'unika kwamba maji yananuka. Uji wa futari unanuka dawa, chai inanuka dawa, na wazee wakawa wanasema hata wakitia udhu wanabaki na shaka, maji gani haya yenye harufu. Bibi mmoja alinifuata mpaka nyumbani akaniambia nimemfuturisha kwa sabuni. Nikaona isiwe tabu, leo niruke. Kesho yake nikaruka tena. Watu wakanisifu, wakasema katibu ni msikivu, maji sasa matamu. Na mimi, astaghafirullah, nilipenda kusifiwa. Mfungo ukaisha, Idi ikapita, ndoo ya dawa ikabaki ofisini kwenye kona chini ya matenga, na hakuna aliyeiulizia.

Kisha zikaja hizi mvua za mwisho. Siku mbili mfululizo maji yalitoka bombani yana rangi ya chai ya maziwa. Watoto wakaanza kuharisha, leo nyumba hii, kesho ile. Vyoo vya bondeni vilifurika, na kisima chetu hakiko mbali navyo kama tulivyoelekezwa wakati kinachimbwa. Watu wakaingia hofu, kila nyumba ikawa inachemsha. Mwenyekiti wa kamati akapiga simu mjini, akaambiwa atatumwa mtaalamu wa kuyapima.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao sijui kama kuna watu wengine wangeufanya.

Tuliambiwa mgeni anakuja. Sasa huku kwetu ukiambiwa mgeni anakuja unafanya nini? Unafagia. Tulifagia ofisi, tukafyeka majani yote kuzunguka kisima, tukayapaka chokaa mawe ya njiani. Mwenyekiti, na tumbo lake lile, alipanda mnarani mwenyewe akaingia kwenye tangi kulisugua kwa brashi, sisi chini tunamcheka tukimwambia akikwama humo tutachota maji ya mwenyekiti. Tangi likajazwa upya. Mimi nikaitoa ndoo ya dawa kwenye kona yake. Nikapima vijiko kama inavyotakiwa, nikaona haba. Kwa mgeni huwezi kupika kibaba. Nikakoroga yote iliyobaki.

Wallahi tulikuwa na furaha siku ile. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumlaghai mtu. Tulikuwa tunafanya vilevile unavyomnawisha mtoto uso kabla ya kumpeleka mbele za watu.

Kesho yake akaja mtaalamu. Anaitwa Neema, binti wa bara, ajira yenyewe bado mbichi, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Ana adabu, alitusalimia mmoja mmoja. Akachukua maji kwenye vichupa vya kupeleka maabara, kisha kichupa kimoja akakitia kidonge palepale na maji yakageuka ya waridi. Akatabasamu. Akasema vizuri, dawa ipo. Akaniuliza kama huwa tunatia kila tunapojaza tangi.

Ilikuwa nafasi yangu hiyo. Mwenyekiti ananitazama, kina mama wananitazama, wali wa nazi umeshaiva na kuku ameshachinjwa. Nani anamwambia mgeni kwamba nyumba imefagiwa kwa sababu yake, na siku nyingine hukaa chafu? Nikasema ndiyo, kila tunapojaza. Akaandika kwenye daftari lake.

Barua ikaja wiki iliyofuata, na muhuri. Inasema maji yetu ni salama kwa kunywa, na mstari wa mwisho unasema tuendelee kutia dawa kama tunavyofanya sasa.

Kama tunavyofanya sasa!

Barua hiyo niliisoma mimi, uwanja wa shule, kwa kipaza sauti. Mstari wa mwisho niliupitia mbiombio kama mtu anayeruka dimbwi. Watu wakapiga makofi. Jioni ile ile majiko ya kuchemshia yakapumzika kijiji kizima. Lile tangi tulilompambia mgeni lilikuwa limekwisha siku nyingi, limeshajazwa tena na tena, na ndoo ya dawa ni tupu, nimeigeuza kwa mkono wangu.

Nilimwambia Mwenyekiti tuombe dawa nyingine. Akanijibu kwamba tangi tumeshalisugua, barua imeshasema maji salama, nataka watu waanze tena kulalamika ya nini? Ningeweza kumbana. Lakini kumbana maana yake ni kusema kwamba ile barua inazungumzia maji ambayo hatunayo, na aliyesababisha iandikwe hivyo ni mimi. Nikanyamaza.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniumiza kuliko yote.

Nyumbani kwangu hatukuacha kuchemsha.

Salma ameolewa mjini, Rahaleo, na amekuja kukaa nami kidogo pamoja na mwanawe wa miezi saba, ndiyo kwanza anaanza maji na uji. Baada ya ile barua Salma alitaka kuinjika chai moja kwa moja na kuacha mambo ya kuchemsha ndoo nzima. Nikamkatalia. Akauliza kwa nini, nikamwambia mtoto wa Rahaleo tumbo lake laini. Alicheka, akasema mama unamdekeza mjukuu. Tukaendelea kuchemsha. Asubuhi sufuria kubwa jikoni, magharibi sufuria kubwa jikoni.

Na upande wa pili wa ua wa makuti anakaa Fatu. Ni msichana mdogo, mumewe yuko bandarini Mtwara, anapakia korosho, harudi kila wiki. Ana binti yake Shamimu, amepishana na mjukuu wangu siku chache tu. Mimi ndiye niliyemkanda Fatu alipojifungua. Alikuwepo uwanjani siku ya barua, kakaa mbele kabisa, Shamimu mgongoni. Siku hiyohiyo aliacha kuchemsha.

Shamimu alianza kuharisha Jumanne.

Kila mtu amesema ni meno. Mtoto wa miezi saba akiharisha watu husema anaota meno, na kweli mara nyingine huwa meno. Mimi pia nilimwambia Fatu ni meno. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua. Kisha nikampakata yule mtoto, nikaingiza kidole kupapasa ufizi, huku nikiomba Mungu nikutane na ncha ya jino, hata kidogo tu. Ufizi ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho. Nikamrudishia mama yake na bado nikasema meno.

Nilikuwa mtu wa namna gani mimi? Jumanne yote na Jumatano yote nimekaa kwenye cherehani, nikimsikia analia, nikikanyaga pedali kwa nguvu nisisikie. Naosha mikono mara tatu bila sababu. Salma aliniuliza kama naumwa, nikasema joto.

Leo asubuhi nikashindwa kukaa. Nikaenda kwa Fatu, nikijiambia nakwenda kumjulia hali mtoto tu. Shamimu alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani kidogo, midomo imekauka. Fatu akanipa shikamoo, akanivutia kigoda, kisha akafanya lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa hulifanya mgeni akiingia. Akaniletea maji. Kikombe kile kizuri chenye maua, juu ya kisahani.

"Karibu maji, Mama Salma," akasema. "Haya nimechota sasa hivi bombani. Barua yako imetupumzisha na mkaa."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa meupe, ungeyaona ungeyatamani. Fatu akakaa chini kumpepea mtoto, na bila ubaya wowote, kama mtu anayepiga soga, akauliza mbona kwetu kila siku sufuria kubwa iko jikoni.

Nilitaka kunywa. Nasema kweli, nilifikiri nikinywa kikombe kile chote mbele yake nitakuwa nimejibu, na yote yatakwisha. Nikakisogeza mpaka mdomoni. Nikakirudisha juu ya kisahani.

"Usimpe mtoto maji haya, Fatu," nikasema. "Hayana dawa. Barua ilikuwa ya maji mengine."

Nikamweleza lote, kuanzia harufu ya futari mpaka lile jibu nililompa Neema. Nilidhani atapiga ukunga. Fatu si mtu wa kunyamaza, huwa anagombana na kuku. Lakini alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanyoosha mkono akakichukua kikombe, akayamwaga maji nje ya mlango, akarudi kukaa.

"Ulikuwa unamsikia akilia, Mama Salma," akasema. "Ua wenyewe wa makuti."

Basi.

Tukampeleka Shamimu zahanati, mimi nikimbeba, Fatu ametangulia mbele. Nesi akampa zile pakiti za kuongeza maji mwilini na vidonge vya kuyeyusha, akasema bora tumewahi, akasisitiza maji ya kukorogea yawe yamechemka. Yamechemka kwenye sufuria yangu. Salma ndiye aliyeyapeleka, kwa sababu Fatu hakutaka kuyapokea mkononi mwangu, na simlaumu. Ninapoandika hapa mtoto anakunywa kijiko kimoja kimoja na hatapiki. Kila baada ya muda nanyamaza kusikiliza ng'ambo ya ua. Akilia naogopa, na akinyamaza naogopa zaidi. Nesi amesema akilegea tumrudishe mara moja. Viatu nimeviweka mlangoni.

Adhuhuri nikampigia Neema. Nilijikwaa kwenye maneno kama mtoto aliyevunja sahani. Akauliza dawa ilitiwa lini mara ya mwisho kabla yeye hajaja, nikamwambia, nikamsikia anaandika. Hakunitukana. Akasema kila nyumba ichemshe kuanzia leo hii, na yeye atakuja Jumamosi na dawa na kupima upya.

"Na safari hii, mama," akasema, "msifagie kitu."

Mwenyekiti nimemwambia pia. Amekasirika, amesema nimeaibisha kamati na nimeaibisha kijiji, kwamba ningemshauri kwanza tukatafuta namna nzuri ya kulisema. Labda namna nzuri ipo. Mimi siku zote hizi nimekuwa nikiitafuta, na kwa kipindi hicho chote Shamimu alikuwa anakunywa.

Nimekwishapita nyumba za karibu, na Salma amepita za bondeni. Baadhi hawakuniamini. Yule bibi wa sabuni kaniambia niamue moja, maji ni salama au si salama, yeye amechoka na mimi. Mwingine amesema barua ina muhuri na mimi sina. Nimewafundisha kuiamini hiyo karatasi kuliko matumbo ya watoto wao, sasa nitaibanduaje vichwani mwao?

Barua yenyewe iko hapa mapajani. Nimeibandua mlangoni mwa ofisi, gundi imeondoka na rangi kidogo.

Bomba linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wanawake hupanga ndoo kabla ya hapo. Nitakuwepo kabla ya ndoo ya kwanza. Kipaza sauti nimekiazima tena, kile kile. Nitaisoma barua tangu juu, na nikifika ule mstari wa mwisho sitaukimbia. Nitausoma neno kwa neno, tuendelee kutia dawa kama tunavyofanya sasa, kisha nitawaambia kwamba hatukuwa tunafanya.