Fundo la Bendera Nyekundu

Kipawa, 9 Juni 1949

Kaka Adelard,

Shikamoo. Sie huku wazima, na yule kuku wako mwekundu kaatamia.

Stesheni yetu usingeitambua. Lile jukwaa la Mjerumani, upande wa minazi, wamelibomoa, wamejenga jipya ng'ambo ya reli. Dirisha la tiketi nalo limehamishwa. Benchi la Wazungu limepata kivuli. Foleni yetu, jua lile lile. Kilichobaki mahali pake ni kile kipande cha chuma kinachogongwa treni ikikaribia.

Baba bado ndiye mshika bendera. Juzi treni ya Morogoro ilitakiwa ipite moja kwa moja, yeye akaipungia nyekundu, ikasimama. Stesheni masta akafoka. Baba akamjibu, "Nimeona mbuzi relini." Mbuzi hakuwapo, kaka.

Nyekundu mahali pa kijani ni kicheko tu. Kijani mahali pa nyekundu, Mungu apishe mbali. Tangu siku ile Mama kafunga fundo kwenye pembe ya bendera nyekundu, na Baba huipapasa kabla hajainua. Nyumbani hakuna aliyesema neno. Hata mie sijasema. Nakupa habari za jukwaa tu.

Ukija Krismasi, usichungulie dirishani ukampungia mkono kama zamani. Utamkuta kasimama wima, uso kauelekeza kwenye mabehewa. Mwite kwa sauti, ajue ni wewe kabla watu hawajajua kwamba hakuoni.

Mdogo wako anayekutunzia kuku,
Benedicta