Kitovu cha Bi Dorini

Tottenham, London

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu wewe, na magoti yako nayasalimu peke yake, maana najua baridi ya Lushoto inayaonea. Mimi mzima, ila meno ndiyo yanaendelea kunihama.

Watangazie wote: kaka yako kapata nyumba yake London! Imejengwa kwa amri ya serikali.

Haya, usitangaze. Nyumba ni ya Rehema mwanangu. Yangu ni handaki la bati lililoko bustanini nyuma, limepinda mgongo kama mimi, nusu limezama ardhini. Vita Kuu ya Pili watu walijificha humo mabomu yakianguka. Vita vilipokwisha likawa banda la kuku, kisha stoo ya majembe. Leo ndimo ninamovutia ugoro, Rehema asinione.

Sasa anataka ling'olewe, amwage zege, apange viti. Mafundi watakuja mwisho wa mwezi ujao. Nami nilishasema sawa.

Juzi jirani yetu Bi Dorini, bibi wa Kizungu mwenye mkongojo, akachungulia uani. Nikamtania kwa Kiingereza changu cha kuombea maji: "Bibi, umefuata kodi?"

"Ndiyo, lipa," akasema. "Nilizaliwa humo."

Mabomu yalimzuia mama yake kutoka, mkunga naye hakufika. Nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza mtu wa kwetu: kitovu je, kilizikwa wapi? Nilidhani atanicheka. Akanyoosha mkongojo: "Hapo mlangoni. Baba alichimba kulipokucha. Ndiyo maana sijahama mtaa huu."

Zaina, ugoro ulinikwama puani. Kumbe siku zote natema mate juu ya kitovu cha mtu! Vyetu viko chini ya migomba ya mama. Nani angethubutu kumwaga zege pale?

Nimemwambia Rehema. Kanijibu kwa Kiingereza chake: "Baba, ile ni kutu tu." Mimi hanisikii, kwake ni mzee wa kuelekezwa swichi ya taa. Lakini wewe ni shangazi yake, uliyemfunda. Kwako hana ubavu.

Nisalimie shemeji, kama kaamka. Nisalimie na mjomba fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanicheka.

Siku ulipovunja mtungi wa mama, fimbo nilikula mimi, nikanyamaza. Hujanilipa. Barua hii ikifika, mpigie Rehema simu.

Kaka yako mwenye banda,
Shekue