Papasi Saba wa Nyumbani

Jumapili, 15 Januari 1911

Loisi amenipa daftari. Ni la yule bibi Mwingereza wa kambini. Upande mmoja wa kila karatasi bibi ameandika mambo yake kisha akayafuta kwa mstari, upande wa pili ni mweupe. Huo mweupe ndio wangu. Mwalimu Filipo alinifundisha herufi kabla ya ubatizo, miaka miwili tu, kwa hiyo naandika polepole. Nikikosea, nani atasoma?

Kesho mwanangu Loisi anahamia kambini. Wazungu ni watatu. Mmoja anapima maji ya Bahi kwa ajili ya daraja la reli – Bwana Reli. Mwingine anakamata papasi, hawa kupe wa sakafuni wanaotuuma usiku, na kuwatia kwenye chupa – Bwana Chupa. Wa tatu ni bibi yake Bwana Chupa, anatafuta elimu katika vitabu vya kwao Uingereza. Macho yake mabovu, ndiyo maana anamtaka Loisi anakili maandishi yake. Loisi ana mwandiko mzuri, na Kiingereza alikipata alipolelewa nyumbani kwa bibi wa misheni.

Kazi ni ya mwaka mzima, mvua mpaka mvua. Sawa. Lakini kuna sharti. Bwana Chupa amejenga kambi mahali papya, mbali na nyumba zetu, apate kujua kama mtu asiyelala na papasi haugui homa. Basi anayelala kambini asilale tena kijijini. Hata usiku mmoja.

Mwaka mzima bila papasi! Kila mtu hapa anajua maana yake. Kaka yangu Bartolomayo alikwenda pwani na mizigo, akakaa mvua mbili. Alirudi mnene, anacheka, akalala ndani ya tembe ya mama yetu. Siku ya nane homa. Ikaondoka, tukachinja mbuzi. Ikarudi. Tukamzika. Papasi wa nyumbani hawamdhuru wanayemwonja kila siku; yeye walikuwa wamemsahau.

Baba yake Loisi alishakufa. Ninaye huyu mmoja.

Jumatatu, 16 Januari

Ameondoka asubuhi. Nguo zake zote zilichemshwa kwenye pipa mlangoni pa kambi, hata kitambaa cha kichwa. Nilisimama pale nikitazama mvuke. Mrisho, mpishi wao, mtu wa mjini Dodoma, akaniambia mama Loisi, usihuzunike, wakimaliza nguo watakuchemsha na wewe. Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikula.

Jumatano, 18 Januari

Nimeshona mto. Pamba yangu mwenyewe, kitambaa cha bluu. Katikati nimeweka kifuko cha udongo nilioufukua chini ya kitanda, pale pale nilipomzalia. Nimehesabu papasi saba. Kifuko sikukifunga sana, wapate kutoka.

Si dhambi. Bibi yangu alimfungia mama yangu udongo hivi hivi alipoolewa mbali. Kila msafiri alipewa. Bartolomayo alikataa, akasema ataonekana mshamba mbele ya watu wa pwani.

Loisi sikumwambia. Amesoma mno, angekataa.

Jumapili, 22 Januari

Nimeupeleka mto. Walichemsha kanga yangu nikabaki na gunia, lakini mto Mrisho aliubonyeza tu akasema huu ukichemshwa utakuwa uji. Akaupitisha.

Loisi amefurahi sana, akauweka shavuni. Alinionyesha meza yake, karatasi zimepangwa kama matofali. Nikamuuliza bibi anatafuta nini hasa. Akasema, mama, anataka kujua kwa nini katika hadithi za zamani za Waingereza mama wa mtoto hufa mwanzoni kabisa. Amesoma vitabu mia na zaidi, kina mama wamekufa karibu wote. Nikasema labda kwa sababu mama akiwepo mtoto haendi popote, na asipokwenda hakuna hadithi. Loisi akamfasiria. Bibi akavua miwani, akanitazama, akaandika. Akataka niseme tena.

Bwana Reli naye akaniita. Ana mti mrefu wenye alama, ameuchimbia majini. Aliuliza mafuriko makubwa yalifika wapi. Nikamwonyesha: mwaka aliozaliwa Loisi maji yalifika kwenye lile jiwe jeusi, tulimpitisha mtoto kichwani. Akaandika na yeye. Alisema kwa hiyo daraja lipande zaidi. Sijui nimewaongezea kazi watu wangapi.

Nimerudi na fahari kidogo. Nisiseme uongo.

Jumanne, 24 Januari

Palizi. Mvua. Sasa papasi wameshamwonja. Nalala vizuri.

Jumapili, 29 Januari

Mungu wangu.

Nilimuuliza Loisi, mto vipi, unalala vizuri? Akasema, mama usikasirike, nilimpa bibi. Alikuwa anaumwa shingo kwa kuinama mezani, nikampa siku ile ile ulipoondoka. Anausifu kila asubuhi.

Siku ile ile. Usiku saba. Mtu ambaye hajawahi kulala na papasi maisha yake yote.

Nikasema nirudishie, nitamshonea bibi mwingine mzuri zaidi. Loisi akanikazia macho. Mama, mtu haombi kurudishiwa zawadi yake. Nikasema una mshono mbaya. Akasema mshono ni mzuri. Nikasema pamba ina wadudu – hilo lilinitoka hivi hivi – naye akacheka, akasema wadudu waje, Bwana Chupa atafurahi.

Nikaenda mpaka kwenye hema la bibi. Alikuwa ndani anasoma, kichwa kimelala juu ya kitambaa changu cha bluu. Akanipungia mkono. Nikampungia.

Nikarudi nyumbani. Ndiyo niliyofanya. Nilimpungia mkono nikarudi nyumbani.

Jumatano, 1 Februari

Mrisho amepita akitafuta mayai. Bibi ni mgonjwa tangu jana. Homa kali, kichwa, mgongo, anatapika. Nimempa Mrisho mayai yote niliyokuwa nayo, akaniuliza nimeokota urithi?

Nimekaa chini. Sijui nianzie wapi. Nikisema, watamshika Loisi. Mto aliutoa yeye kwa mikono yake, nani ataamini hakujua? Nisiposema...

Alhamisi, 2 Februari

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 4 Februari

Homa imemwachia! Mrisho mwenyewe amekuja kunieleza. Bibi amekunywa supu, ameketi, ameomba karatasi zake. Watu wa kambi wamefurahi, hata Bwana Reli alipiga filimbi. Mrisho anasema Bwana Chupa peke yake hakufurahi. Anahesabu siku kwa vidole.

Nami nahesabu. Bartolomayo tulimchinjia mbuzi siku kama hii.

Jumapili, 5 Februari

Kanisani. Mwalimu Filipo aliombea kambi. Baada ya ibada nikamsogelea, nikamwambia mwalimu, mtu akifanya jambo kwa kumpenda mtoto wake, likamwumiza mwingine, hilo linaitwaje? Akauliza mtoto gani, mama Loisi? Nikasema wa jirani. Akasema jirani aje mwenyewe.

Kambini sikwenda.

Jumamosi, 11 Februari

Imerudi. Siku ya saba kamili. Mrisho hatanii tena.

Anasema Bwana Chupa alimchoma bibi kidole, akaitazama damu kwenye darubini yake. Kuna vijidudu humo kama uzi uliosokotwa. Ni homa ya papasi. Katika kambi yake safi! Alitupa kiti. Akasema ama elimu yake ni ya uongo miaka yote hii, ama kuna mtu ameleta papasi. Watumishi wengine wote wametoka mbali. Wa kijiji hiki ni Loisi tu.

Loisi amewekwa kwenye hema la peke yake. Askari mmoja mlangoni. Bwana ameandika barua kwenda bomani.

Kesho nakwenda.

Jumapili, 12 Februari

Niandike yote kabla sijachanganyikiwa.

Nilifika jua likichomoza. Nilimkuta Bwana Chupa mbele ya meza, ndevu hajanyoa. Nikapiga magoti. Nikasema, bwana, ni mimi. Loisi hajui kitu. Papasi wako ndani ya mto, niliwaweka mimi.

Nilijua atanipiga. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa nguo mbili.

Hakunipiga. Akasema, "Wewe? Wewe leta? Kwa nini?" Nikamweleza. Udongo wa chini ya kitanda, msafiri, bibi yangu, Bartolomayo na ule mbuzi. Akaniinua akanipa kiti. Kiti! Akafungua daftari. "Papasi ngapi?" Saba. "Wakubwa, wadogo?" Watano wakubwa, wawili wadogo. "Wagogo wote fanya hivi?" Wengi, bwana. "Kaka yako, homa ya kwanza siku ngapi? Katikati siku ngapi?" Kila jibu aliliandika. Nilipomtazama usoni nikaona ni furaha. Elimu yake haikuwa ya uongo. Mkewe anaungua hatua kumi kutoka pale na yeye anafurahi. Kisha nadhani akakumbuka, kwa sababu aliweka kalamu chini, akafunika macho.

Mto akaupasua kwa kisu. Akawapata wanne, wamenona. Akawatia kwenye chupa.

Loisi akafunguliwa. Hakunikumbatia. Alisema, "Mama, ungeniambia." Nikasema ungekataa. Akasema, "Ndiyo, ningekataa." Kisha akakaa chini karibu nami, bega kwa bega.

Bibi aliniita. Amekuwa wa manjano, midomo imepasuka. Aliongea kidogo kidogo na Loisi akafasiri huku analia: anasema mto ulikuwa laini.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 13 Februari

Nilidhani yamekwisha.

Mrisho kaja na habari. Loisi hajaugua hata siku moja, na alilala hema moja na bibi, ule mto karibu naye. Bwana Chupa amemchoma kidole mara tatu. Anamtaka. Bibi anapelekwa pwani kwa gari la moshi, kwa madaktari wakubwa, na Loisi aende naye, wamtazame damu, wajue kwa nini homa inampita. Labda baadaye Ulaya. Mvua mbili, labda tatu.

Nikamwambia Mrisho nilimwekea papasi ili asiwe mgeni nyumbani. Mrisho akasema, mama Loisi, mimi ni mpishi tu.

Jumatano, 15 Februari

Niliitwa. Karatasi juu ya meza, na kidau cha wino nitie kidole gumba. Nikamwambia bwana, najua kuandika. Alishangaa. Wazungu watatu wote wameandika maneno yangu kwenye madaftari yao na hakuna aliyejua kwamba naandika.

Nikamwuliza Loisi karatasi inasemaje. Akanisomea. Mama wa msichana amekubali kwa hiari.

Nikasema bwana, nikikataa? Akasema, kwa upole kabisa, barua ya boma imeshakwenda. Kule wanajua mtu ameleta homa kambini. Yeye ataandika nyingine, kwamba ilikuwa elimu, si uovu. Hakusema ataandika lini. Aliisogeza karatasi.

Nikamtazama Loisi. Nilitaka aseme sitaki. Nilimwomba kwa macho. Akasema polepole, mama, bibi hana mtu mwingine wa kumsomea. Na ni sisi tuliomtia ugonjwa. Akasema sisi. Halafu, sauti ndogo zaidi, kule kuna vitabu.

Nimeandika RAHELI. Herufi ya mwisho imepinda.

Kisha nikamwomba Bwana Chupa jambo moja: nimfungie udongo, safari hii yeye akijua, kwenye chupa yake kama anataka. Akakataa. Pwani alikokwenda kaka yangu hakuna papasi hawa, nikimpa atawaambukiza wengine, nimeshaona mwenyewe. Nikamwuliza, na akirudi? Baada ya mvua tatu, akalala kwangu? Alifikiri. Kweli alifikiri, namshukuru. Akasema, "Hiyo swali nzuri sana." Akaiandika.

Alhamisi, 16 Februari

Naandika kwa penseli, nimekaa juu ya mataruma, magogo ya kulazia reli, pale reli inapoishia. Gari la moshi liko hapa tangu alfajiri, linapumua. Bibi amepandishwa kwenye machela. Alikuwa na karatasi zake kifuani, zimefungwa kwa utepe. Bwana Reli hayupo, yuko majini na mti wake. Maji yamepanda usiku, hayajafika kwenye jiwe jeusi.

Asubuhi nilisogeza kitanda. Sikukusudia. Nilikuwa nafagia. Sasa fundo la udongo liko hapa, kwenye pindo la kanga, dogo kama kokwa. Sikuhesabu safari hii.

Nikimtilia, kuna mwanamke mwingine huko, mwenye mama yake mahali fulani, atakayeungua. Nisipomtilia, siku atakayorudi itabidi nimfungie mlango wangu. Nimlaze wapi mwanangu, nje na mbwa? Nimwambie nini, karibu lakini usiingie?

Askari anapita akiwaambia watu warudi nyuma. Mrisho ananipungia kutoka behewa la nyuma, amebeba sufuria.

Loisi ameshuka. Ananitafuta. Ameniona. Anakuja mbio, kitambaa kinamdondoka kichwani, kikapu mkononi, na kifuniko hajakifunga