Mama Mkwe Anakuja Kumsalimia Mwanawe Ndani ya Mashine

Mpendwa mshauri Mama Siwema, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu mapema, kwa sababu mwisho wa mwezi huu mama mkwe wangu anatoka Choma, kule Igunga, anakuja Tabora kumsalimia mwanawe, na huyo mwanawe ndiye mume wangu Octavian ambaye tulimzika kabla ya masika, na aliyemfanya mama wa watu aamini kwamba mwanawe bado anasalimika ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Jina langu la ubatizo lichapishe, la ukoo liache.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mimi na marehemu tulikuwa tukifanya kazi kwenye karakana moja hapa mjini, ya Mzee Abasi, tunachonga puli, yale magurudumu ya kuzungushia mkanda, na shafti zinazopita katikati yake, za mashine za kukoboa mpunga, na tangu Mzee Abasi alipoleta ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, Octavian ndiye aliyeishika. Labda hujawahi kuiona. Kwenye zile za zamani fundi akimaliza hatua moja anazima, anafungua kisu kwa spana, anafunga kingine, anaendelea, lakini hii haimngoji mtu, ndani ina sahani ya duara iliyobeba visu, kila kimoja kwenye nafasi yenye namba yake, na wakati wa kubadilisha ukifika sahani inazunguka, mkono wa chuma unatoka, unachomoa kisu kilichomaliza kazi, unageuka, unachomeka kinachofuata, na wewe uko nje ya kioo umekunja mikono tu.

Visu vyote mle ni vya dukani, mali ya Mzee Abasi, isipokuwa kimoja cha kumalizia tundu la puli, ambacho Octavian alikitengeneza mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma kigumu, akakinoa asubuhi nzima kwenye jiwe la umeme, kwa sababu cha dukani kilichelewa kufika, na kilipofika akakikataa, akasema chake kinaacha tundu laini zaidi. Kikadumu kuliko vingine vyote. Basi kila mkono ulipokileta, Octavian alikiamkia kwa sauti kubwa, "Shikamoo, mzee!" halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ya kizee ya kukwaruza, "Marahaba mjukuu wangu, umekula?" na karakana nzima inacheka, hata wateja waliokuja na hasira ya kucheleweshewa kazi zao walikuwa wanacheka.

Alipoanza kuugua figo akawa hawezi kusimama muda mrefu, akawa anakaa kwenye stuli ananielekeza, mimi ndiye nabonyeza, nikakosea akanicheka, nikapatia akasema ameoa fundi bila kujua. Alipofariki tulimzika kwao Choma, matanga yakaisha, nikarudi mjini, na siku ya pili yake nikaingia kazini, watu wakasema mwanamke huyu ana roho ngumu jamani.

Mama Siwema, haikuwa roho ngumu. Niliwasha mashine, ikachonga, ikabadilisha kisu, ikabadilisha kingine, kwa mpangilio uleule alioupanga yeye, na ilipofika zamu ya kisu chake mkono ukakileta kama kawaida, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema shikamoo. Hakuna aliyeitikia. Tangu siku hiyo nakiamkia kimoyomoyo, na kisu kimeshaisha makali, mashine inalia, tundu linatoka na mikwaruzo, wala sikibadilishi, na kukinoa sitaki, kwa kuwa yale makali yametoka mkononi mwake na jiwe likiyapitia nitakuwa nimeyafuta. Mzee Abasi amekuja kwa upole akaniambia, "Binti yangu, kisu hicho kimechoka, kisije kikavunjika kikatuharibia kichwa cha mashine tukakosa kazi sote." Nikamwambia kesho, na hiyo kesho mpaka leo sijaifikia.

Sasa kwa akina marehemu wana desturi, siku ya kumaliza msiba, miezi kadhaa baada ya matanga, zana alizofanyia kazi mtu hupewa kaka yake, awe na kitu kilichoshikwa na mdogo wake. Shemeji yangu Masolwa, mfugaji, mtu mwema asiye na makuu, akaja mjini kuniuliza zana za mdogo wake ziko wapi. Nikampeleka karakana, mashine iko kazini, nikamweleza kwamba vingine ni vya mwenye karakana ila kile kimoja alikitengeneza mwenyewe, akasema, "Basi shemeji, hicho ndicho changu, mtanipa siku ya kumaliza msiba." Nikamjibu maneno ambayo sijui yalitoka wapi, nikasema, "Hakitoki, shemeji. Mashine imemzoea Octavian. Ukikitoa kisu chake ukaiwekea cha mtu mwingine, inakataa kazi." Na palepale mkono ukatoka, ukakichukua kile kisu, ukakipeleka mahali pake bila mtu kugusa kitu, na shemeji yangu akavua kofia.

Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo bado anafanya kazi?"

Nilitakiwa kusema hapana, neno moja tu, na sikulisema.

Akarudi Choma akamwambia mama yao kwamba Octavian hajaenda mbali, yumo kwenye mashine Tabora, anachapa kazi. Mama mkwe ni mzee sana, macho yake yamefifia, na tulipokuwa tunamzika mwanawe yeye alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo kifo aliambiwa tu, jeneza hakuligusa wala udongo hakutupa. Juzi akanipigia kwa simu ya Masolwa, sauti imechangamka kama ya msichana, akaniambia, "Mkwe wangu, nimesikia mwanangu hajambo. Nakuja na maziwa ya mgando. Usimwambie kama nakuja, nataka nimshtue."

Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Mzee Abasi naye habari zimemfikia na amekasirika, anasema yeye ni Muislamu na karakana yake si mahali pa kutambikia wafu, kisu kibadilishwe kabla mwezi haujaisha ama mashine ataishika mtu mwingine. Nikimwambia mama mkwe ukweli naona kama namuua mwanawe mara ya pili. Nikimwacha aje, sijui atasimama mbele ya kile kioo aone nini. Na nisamehe kwa hili la mwisho, lakini kuna sehemu yangu inayotamani aje kweli, niwe na mwenzangu wa kusimama naye pale. Nifanyeje, mama yangu?

Apolinaria, Isevya, Tabora

MAMA SIWEMA ANAJIBU

Marahaba, Apolinaria. Pole, mwanangu, tena pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka mezani nikatoka nje kidogo ndipo nikarudi kuimalizia. Sasa nimesharudi, na sitakubembeleza.

Nilimpigia simu fundi mmoja ninayemfahamu, nikamuuliza hiyo mashine yenu inajua nini hasa. Akacheka. Akasema inajua namba ya nafasi, basi. Ikiambiwa ilete kilichopo nafasi fulani, inaleta, na ukiiwekea kijiko cha chai italeta kijiko cha chai na kuanza kuchongea. Haimjui Octavian. Haikujui wewe. Siku mume wako anakata roho yenyewe haikupungukiwa na kitu. Na haya yote unayajua kuliko mimi maana wewe ndiye unayeiendesha, na uliyajua vizuri wakati unamwambia shemeji yako kwamba itakataa. Kwa hiyo usinidanganye na mimi eti hujui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka kwako, kwa sababu ulirudi kazini ukaukimbia msiba, ukakuta pale kitu kinachotembea kwa mpangilio wa mumeo, ukakishika usikiachie.

Sikulaumu kwa kukishika, hata mimi ningekishika. Ninachokulaumu ni kwamba kisu kimekuwa butu, kinaweza kukatika siku yoyote, na kuna watu wanaokula kwa mashine hiyo pamoja na watoto wao. Yule mkulima anayenunua puli yenye tundu la mikwaruzo, shafti ikamchezea katikati ya msimu, yeye amekukosea nini? Octavian aliyekataa kisu cha dukani kwa ajili ya tundu laini angeiona kazi unayotoa sasa, angekufokea kabla yangu.

Masolwa simlaumu hata chembe. Alidhani yuko mbele ya mdogo wake, akavua kofia. Wewe ulikuwa unamwona anavua, na ukamwacha.

Sasa la mama mkwe. Unasema ukimwambia ukweli utakuwa umemuua mwanawe mara ya pili. Apolinaria, huyo mama hajampoteza hata hiyo mara ya kwanza! Alikuwa hospitali. Hakuona kaburi likifukiwa. Alipoanza kupata nguvu ya kulia, mkampelekea habari kwamba mtoto hajambo, yuko kazini. Hebu fikiria anafika na kibuyu chake, anaongozwa mpaka kwenye kioo, anaita, "Octavian!" Mashine inaendelea kuchonga. Anaita tena, maana atadhani kelele ndizo zinazomfanya asisikie. Anaita mara ya tatu. Hapo utafanya nini? Utamwitikia wewe kwa sauti ya kukwaruza? Ukatili huo usimfanyie mzazi wa mwenzio.

Uliposema unatamani uwe na mwenzako wa kusimama naye, hapo kalamu ilinidondoka. Katika barua nzima hilo ndilo jambo ulilolisema bila kuzunguka. Ni kweli unamhitaji mtu wa kulia naye, na mtu mwenyewe ni huyo bibi, hakuna mwingine duniani aliyempenda Octavian kama nyinyi wawili. Lakini mlie nyumbani kwake, si kwenye karakana ya Mzee wa watu.

Fanya hivi, na uanze kesho. Ukiingia kazini usiwashe kitu. Mwombe Mzee Abasi asimame karibu nawe, ni muungwana, atasimama. Fungua mlango wa mashine, ukitoe kile kisu kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kifute mafuta, kifunge kwenye kitambaa. Chukua kipya, kipime urefu kama ulivyofundishwa, kiweke kwenye nafasi ileile. Halafu washa, usogee kwenye kioo, uangalie. Mkono utatoka, utakichukua kipya na kukichomeka bila kusita hata kidogo. Itakuuma kupita siku ya mazishi. Usiende chooni, usijifanye unatafuta spana. Simama hapo mpaka tundu limalizike, uone lilivyotoka laini, na machozi yakija yaache yaje mbele za watu, wamengoja siku nyingi kukuambia pole.

Ukishamaliza, omba ruhusa, panda basi la Nzega, uunganishe mpaka Choma kabla mama hajaanza safari. Hili si la kumaliza kwa simu, na usithubutu kumtuma mtu. Masolwa umkabidhi kisu chake mbele ya ndugu, umwambie ulimdanganya, umwambie na kwa nini. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Wala usianze kunung'unika moyoni kwamba mchunga ng'ombe kisu cha kuchongea puli atakifanyia nini. Hakukiomba achonge puli. Amemzika mdogo wake na anataka kushika kitu alichokishika, kama wewe tu.

Halafu ingia ndani kwa mama mkwe. Kaa chini karibu naye, umshike mikono. Mambo ya kompyuta na sahani na namba achana nayo, usijifiche nyuma ya maelezo. Atakuuliza mwanawe hajambo huko. Mwambie, "Mama, hayumo. Octavian amekufa." Atakuuliza kama una hakika. Mwambie una hakika, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamtafuta mle kila siku.